Salamu Iliyobaki Ng'ambo

Kuna adhabu ya fimbo na kuna adhabu ya faini, lakini watu wa Mwasubi wanaijua iliyo kali kuliko zote mbili: kunyimwa salamu. Unapita, unaamkia, na mtu mliyekula naye jana anaangalia juu kana kwamba anatafuta dalili za mvua. Kichaa anaitikiwa. Mlevi anaitikiwa. Wewe huitikiwi.

Adhabu hiyo ndiyo aliyopewa Januari, na aliyeitamka ni baba yake Zipora mwenyewe, mzee Masele, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. "Asipewe moto, asichotewe maji, asiitikiwe salamu," alisema mbele ya wanaume wote wa kijiji. "Na atakayemwitikia, naye ametengwa, yeye na nyumba yake." Basi mfikirie binti wa watu, anayempenda mtu ambaye hata "nzuri" hawezi kumwambia.

Asubuhi hiyo ya Julai Zipora alifunga madumu ya maji mgongoni kwa punda, akayafungua, akayafunga tena. Mlangoni bibi yake alikuwa amejikunyata juani, analalamika wimbo wake wa siku zote hizi.

"Blanketi langu," alisema Bibi. "Lenye mistari ya kijani. Marehemu babu yenu alinichukulia Kahama, tukiwa bado vijana. Mwizi gani huyo anaacha kuku, anaacha mbuzi, anaiba blanketi la kikongwe?"

"Bibi, tutakununulia lingine," Zipora alisema.

"Lingine lina babu yako ndani yake?"

Amosi, kaka yake Zipora, alikuwa anafungua miti ya zizi. Hakucheka. Zamani kaka yake alikuwa mtu wa kumtania Bibi mpaka amrushie gongo lake la kutembelea, lakini mwezi huu alikuwa kama mtu mwenye jino bovu. Zipora hakuwa na nafasi ya kulifikiria jino la mtu mwingine.

Mama yake alitoka jikoni na kumshika mkono. "Ukimkuta yule mtu mtoni, macho chini. Unanisikia?"

"Nasikia, mama."

"Bodaboda inakuja kumchukua asubuhi hii, nimesikia kwa wauza maandazi. Vumilia asubuhi moja tu, yaishe."

"Na yasipoisha?"

Mama alikuwa ameyasoma yote usoni mwa binti yake tangu zamani. "Mwanangu, mchimbaji hana kwao. Dhahabu ikihama, naye anahama. Nilikuambia ukanibishia. Haya, umeona mwenyewe."

Zipora alimpiga punda kofi la paja na kuondoka.

Njia ya kwenda mtoni inashuka katikati ya majaruba makavu ya mpunga. Kijito chenyewe, Nyabusalu, si kitu cha kumtisha mtu. Kinatoka kwenye chemchemi chini ya mawe makubwa ya mlima, kinateremka kikinong'ona, na mahali pengine mtoto anakiruka. Lakini kiangazi kikishika ndicho peke yake chenye maji. Upande huu wanakunywa watu wa Mwasubi na ng'ombe wao. Upande wa pili, juu kidogo, yamejaa maturubai ya wachimbaji waliokuja waliposikia mlima una dhahabu. Wazee wa pande zote mbili walikaa wakakubaliana: wachimbaji wachote maji kwa madumu, wakaoshee mchanga wao kwenye mashimo yao mbali, na chemchemi isiguswe na mtu. Makubaliano yakashika. Wanawake wa Mwasubi wakawa wanauza viazi na maziwa kambini, na ndiko Zipora alikokutana na Januari, kijana Msumbwa wa Ushirombo, mpole wa kusema, aliyenunua viazi kila siku mpaka wenzake wakamuuliza kama anafuga nguruwe.

Kisha maji yakabadilika. Yakaja mekundu, mazito, ng'ombe wakayanusa na kugeuza vichwa. Asubuhi moja mtamba wa mzee Onesmo, jirani yao, akapanda kutafuta maji safi juu, akatumbukia kwenye shimo lililochimbwa kando ya chemchemi na kuvunjika mguu. Yowe likapigwa. Wanaume wakakimbia na mikuki na marungu, wakakuta shimo, wakakuta mbao ya kuoshea mchanga wa dhahabu, na wakamkuta Januari amesimama pale pale, anaing'oa mbao ile.

"Hii kazi ya nani?" mzee Masele aliuliza.

"Yangu," alisema Januari.

Adhabu ikatamkwa, na asubuhi hii Zipora alifika kijitoni, akashusha dumu la kwanza.

"Mwangaluka, Zipora."

Salamu hiyo ya asubuhi ya kwao, Zipora mwenyewe ndiye aliyemfundisha, akimcheka namna alivyoitamka. Januari alikuwa amekaa ng'ambo juu ya jiwe, begi lake la mgongoni miguuni, amevaa lile shati la bluu lililopauka mabegani. Alikuwa amekonda. Zipora alimwona kwa jicho la pembeni tu, na hilo la pembeni lilitosha kumwasha. Akampa mgongo, akalizamisha dumu majini.

"Najua huwezi kuitika," alisema Januari. "Nimekuja kuaga. Nikimaliza nitaondoka."

Dumu lilijaa. Zipora aliyamwaga maji yote, akalizamisha upya. Alikuwa ameahidi macho chini, na macho yalikuwa chini. Alikuwa ameapa kutoitika, na hakuitika. Ila sheria ya baba yake haikusema lolote kuhusu punda.

"We punda," alisema kwa sauti ya juu, "umewahi kuona mtu asiye na haya? Anachafua maji ya watu, halafu anakuja kukaa kando yake kama mwenye mji."

Ikaja sauti ya Januari, ambayo ndani yake kulikuwa na kitu kinachotaka kucheka na kisichothubutu.

"Shikamoo, shemeji."

Punda alitikisa masikio.

"Punda, mwambie asikuite shemeji. Ushemeji umeisha."

"Shemeji, mwambie dada yako nimesikia."

"Mwambie sizungumzi naye, nazungumza na wewe."

"Shemeji, mwambie najua. Mimi pia nazungumza na wewe. Wewe ndiye uliyebaki kijiji kizima."

Hapo Zipora nusura ageuke. Aliuma mdomo, akaishika kamba ya punda na kuanza kuizungusha mkononi. Hasira ilikuwa inamchemka, na ndani ya hasira kulikuwa na kilio, na hakutaka vitoke kwa mpangilio huo.

"Punda," alisema, "hapa hapa, kwenye jiwe alilokalia, kuna mtu aliniambia, 'Maji anayokunywa mama yako siwezi kuyatia jembe.' Nikamwamini. Nikaenda kumtetea mbele ya mama. Baba akisema binti yake haolewi na mtu anayelala chini ya turubai, nikawa nanuna siku nzima. Wakaja washenga kutoka Didia na habari za ng'ombe wao, nikakataa hata kuwapelekea maji ya kunawa. Sasa uso wangu niuweke wapi? Muulize. Niuweke wapi?"

"Shemeji, mwambie ana haki ya kukasirika."

"Sitaki haki! Ajitetee!"

Hilo lilitoka moja kwa moja, likavuka maji kabla punda hajalipokea. Zipora aliangalia nyuma kwa hofu. Njia ilikuwa tupu. Mbali kidogo vumbi la ng'ombe lilikuwa limeanza kuinuka.

"Punda," alisema kwa sauti ya chini sasa, "mtu aliyeonewa hupiga kelele. Mtu mwenye kosa huomba radhi. Huyu hafanyi hili wala lile. Ni mtu wa namna gani?"

Januari alisimama. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini mpaka kwenye jiwe bapa lililo katikati ya kijito. Hakuja karibu zaidi. Akaweka juu yake kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya katani, akarudi nyuma mpaka upande wake.

"Shemeji, kuna mzigo wa nyumbani kwenu," alisema. "Ni wa bibi. Nimeufua nikaufua tena, lakini wekundu wa ule udongo umekataa kutoka wote. Mwambie dada yako ampe bibi wakiwa wawili tu. Mimi nakwenda Bulyanhulu, kuna jamaa yangu ana duara, shimo lake la dhahabu, kule. Nimemaliza."

Nimemaliza. Neno hilo lilimchoma kuliko kelele. Zipora aliingia majini na khanga yake, akachukua kifurushi, akaifungua kamba kwa meno.

Lilikuwa blanketi. Lilikuwa limekatwa vipande virefu, kisha vipande vimeshonwa pamoja kwa uzi wa magunia, mishono mikubwa iliyopinda huku na huku, mishono ya mwanaume aliyeshika sindano kwa mara ya kwanza. Udongo mwekundu ulikuwa umeingia ndani ya manyoya. Chini ya wekundu kulikuwa na mistari ya kijani.

Aliyekaa jirani na machimbo hahitaji kuelezwa kazi ya blanketi. Unalikata, unatandika vipande juu ya mbao iliyoinama, unamwaga mchanga na maji, na manyoya yanakamata dhahabu. Na blanketi hili halikutoka kambini. Lilitoka kwenye kitanda cha Bibi, ndani ya nyumba ambayo mgeni hajawahi kuvuka kizingiti chake.

Zipora alimkumbuka kaka yake akirudi asubuhi na miguu myekundu. "Nafyatua tofali," alisema. Tofali ambazo hakuna aliyeziona.

"Punda," alisema polepole. Sauti yake haikuwa yake. "Muulize huyu mtu, ilikuwa mbao ya nani?"

"Shemeji, mimi sikutaja jina."

"Amosi."

Maji yalipita katikati yao, meupe sasa, yamesafika tangu shimo lilipofukiwa.

"Muulize, alimkuta lini?"

"Shemeji, asubuhi ile ile ya yowe. Nilipanda kuangalia kwa nini maji yamechafuka, maana na sisi kambini tunayanywa. Nikamkuta. Alikuwa analia hata kabla sijafika, kwa sababu ya mguu wa yule mtamba. Nikamwambia kimbia. Nikavuta vile vipande vya blanketi nikavitia ndani ya shati, maana niliijua ile mistari, nilishaliona kwa mbali, nikipita njiani, limeanikwa uani kwenu. Nilikuwa nang'oa mbao ndipo wakafika."

"Na nani alimwomba?" Zipora aliwaka. "Punda, muulize! Nani alimwomba kuwa shujaa? Nimelitukana jina lake mbele ya mama. Nimelitemea mate! Nimelala na hasira naamka nayo, kumbe nimefanywa mjinga, wote wawili wananitazama tu, kaka yangu anakula ugali sahani moja na mimi!"

"Shemeji, mwambie anisikilize." Januari alisogea mpaka kwenye maji. "Mimi ni mgeni. Nikitengwa hapa, dada yangu yupo Nyahanga, atanipa chai. Amosi akitengwa atakwenda wapi? Na sheria ya sungusungu siku zote husema 'na nyumba yake'. Nyumba yake ni baba yenu, ni mama, ni bibi. Ni yeye. Nilikuwa na mpango wa kuleta washenga kwenye nyumba ile baada ya mavuno. Ningeibomoa kwa mkono wangu, halafu nikabishe hodi wapi?"

Zipora alilikumbatia blanketi bichi kifuani, likamlowesha. Ng'ambo ilikuwa hatua chache tu, na hakuwahi kuona mahali palipo mbali namna ile.

"Mwambie asiseme," Januari aliendelea. "Baba yenu si mtu wa kukunja sheria. Akijua, atamtamkia mwanawe. Mwambie aniache niende nikiwa mbaya. Ubaya wa mtu aliyeondoka unasahaulika haraka."

"Wewe..." alianza Zipora, na neno hilo halikuwa la punda.

Lakini kengele za ng'ombe zilikuwa zimeshafika.

Wa kwanza kutokea alikuwa Amosi, fimbo mabegani, mbele ya mifugo. Nyuma yake baba yao na mzee Onesmo, na wanaume wengine watatu wa jirani na mifugo yao. Mwisho kabisa alikuwa Bibi, na gongo lake, anakuja kunawa uso kijitoni kama alivyofanya kila asubuhi tangu alipoolewa, kwa kuwa maji ya dumu, alisema, yanafaa kunawisha watoto. Zipora alirudi upande wake, akalificha blanketi nyuma ya mgongo.

Wakati huo huo mlio wa pikipiki ukasikika ng'ambo, ukazimwa juu ya ukingo.

Januari alivaa viatu vyake, akapachika begi mgongoni. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mzee Masele alitazama ng'ombe wakinywa.

"Shikamooni, wazee wangu."

Mzee Onesmo alikohoa. Mmoja akainama kutoa mwiba ambao haukuwepo.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alifumbua mdomo, akaufumba. Bibi huyu alikuwa anaitikia shikamoo za wauza dawa za panya, za walevi wanaotoka pombeni, hata za redioni. Shavu lake lilimcheza. Akaangalia pembeni, na Zipora akaona namna jambo hilo lilivyomuuma.

"Haya," alisema Januari. "Mbaki salama."

Akaanza kupanda ukingo.

Zipora alimtazama kaka yake. Amosi alikuwa amekodolea macho mkia wa ng'ombe. Kisha kwa bahati mbaya akainua macho, akaona kona ya blanketi ikichungulia nyuma ya dada yake, na uso wake ukaisha damu. Alitikisa kichwa, kidogo sana. Tafadhali, dada. Amosi ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule mito ikijaa. Zipora alimpenda. Alimpenda na huyu anayepanda ukingo pia, na wote wawili walikuwa wanamwomba jambo moja: anyamaze.

Angenyamaza. Angeolewa Didia. Angekaa miaka mingi akipika, na kila asubuhi ya Julai angesikia salamu ikining'inia ng'ambo ya maji bila wa kuipokea.

"Bibi," alisema, "unasikia baridi?"

"Tangu lini umeanza kujali?" Bibi alinung'unika.

Zipora alilikunjua blanketi mbele ya macho ya wote na kulitandaza mabegani mwa bibi yake.

Bibi aliligusa. Vidole vyake vikapita juu ya mstari wa kijani, vikafika kwenye mshono, vikasimama. "Blanketi langu," alisema. "Jamani, blanketi langu. Nani amelikata? Umelitoa wapi, mwanangu?"

"Limetoka kwenye chemchemi, bibi. Lilikuwa limetandikwa juu ya ile mbao."

Ng'ombe mmoja alipuliza pua majini. Mzee Masele alikuja karibu kwa viatu vyake vya matairi, akashika pembe ya blanketi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alilijua blanketi hilo. Alikuwa amezaliwa juu yake.

"Hili lilikuwa chumbani kwa mama yangu," alisema. "Mchimbaji hajawahi kuingia kwangu. Nani alilitoa?"

Zipora alikuwa amesema aliloweza kusema; jina la kaka yake hangelitaja yeye. Alisubiri, na katika kusubiri huko alimwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana.

Fimbo ya Amosi ilianguka kwenye mawe.

"Mimi, baba."

"Sema usikike."

"Mimi!" Amosi alilia kama mtoto. "Nilitaka nipate cha kuanzia, na mimi nijenge. Nilidhani wiki moja tu, nitafukia. Yule kaka alinikuta akaniambia kimbia. Nikakimbia, baba. Nilikuwa kwenye vichaka. Nilimsikia anasema ni yake, nikanyamaza."

Mzee Masele alikuwa mtu mrefu. Zipora alimwona anapungua. Mzee Onesmo alimgusa bega.

"Baba Amosi," alisema, "mambo ya watoto haya. Tuyamalize hapa hapa kimya kimya. Mtamba wangu ameshapona, anachechemea tu."

"Sheria niliisema kimya kimya?"

"Hukuisema kimya kimya, lakini..."

"Niliisema kwa mtoto wa mwenzangu kwa sauti kubwa. Kwa wa kwangu ninong'one?" Alivua kofia yake ya ukamanda, ile ya pama, akaiweka juu ya jiwe. "Aliyeichimba chemchemi ni wa nyumba yangu, na nyumba yangu imetengwa. Chemchemi tutaijenga upya kwa mikono yetu, jiwe kwa jiwe, mimi na huyu, mpaka ninyi wenyewe mseme imerudi ilivyokuwa. Mpaka hapo, msituitikie."

"Masele..."

"Ondoa ng'ombe wako, Onesmo. Usinifanye nikuonee haya."

Mzee Onesmo alisimama machozi yakimlengalenga, mtu mzima yule. Kisha akawapigia ng'ombe wake mluzi. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila kutazama nyuma.

"Mwende salama," mzee Masele aliwaambia.

Migongo ikaendelea kwenda.

Hapo ndipo Zipora alipoielewa adhabu ya baba yake ilivyo. Walibaki wanne kando ya maji, na dunia nzima ilikuwa imewageuzia kisogo. Mama atakuwa bado anasonga ugali nyumbani, hajui kwamba jioni hakuna atakayempa kaa la moto. Na ni yeye, Zipora, aliyefanya hivi kwa mkono wake. Amosi alikuwa amekaa chini, kichwa magotini.

"Na mimi nimetengwa?" Bibi aliuliza, akijifunika vizuri.

"Na wewe, mama," alisema mzee Masele.

"Basi afadhali. Nilikuwa nimeshachoka kuitikia."

Hakuna aliyecheka, ila Zipora alimshika bibi yake mkono, na mkono huo ulikuwa na nguvu.

Ng'ambo, juu ya ukingo, Januari alikuwa ameshapanda pikipiki. Alikuwa ameona kila kitu. Dereva akapiga kiki, injini ikaunguruma. Zipora alifikiri, sasa anakwenda, na ana haki ya kwenda, nani angebaki kwa watu waliomfanyia hivi? Pikipiki ilitetemeka mahali pale pale. Kisha Januari akashuka. Akateremka ukingo taratibu, mpaka viatu vyake vikagusa maji. Akasimama wima, mikono ubavuni.

"Shikamoo, baba."

Mzee Masele aliinua uso.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu." Akasogea mpaka kwenye maji. "Nilikuwa na deni la ile ya kwanza."

"Marahaba na yangu!" Bibi alidakia. "Na za siku zote zilizopita. Uliyeshona hivi ni wewe? Mishono yako mibaya."

"Ni mimi, bibi. Samahani."

"Utakuja kuirekebisha."

"Bosi!" dereva wa bodaboda alipiga kelele kutoka juu. "Twende au hatuendi? Mafuta yanaungua!"

Januari hakugeuka. Alikuwa anamtazama Zipora, na safari hii Zipora hakushusha macho. Aliuona uchovu wake, na ndevu zisizonyolewa, na woga. Mwanaume aliyesimama mbele ya marungu ya kijiji kizima alikuwa anaogopa.

"Shemeji," alimwambia punda, "muulize dada yako. Niende, au nibaki?"

Zipora aliiachia kamba. Akaingia majini, baba yake akimwona, bibi yake akimwona, akavuka lile jiwe bapa la katikati, na hakusimama.

"Mwache punda wa watu," alisema. "Niulize mimi."